Kihamba Mbele ya Locke: Historia ya Falsafa ya Siasa katika Miteremko ya Kilimanjaro

Falsafa ya jamii na siasa ni tawi la falsafa linalouliza kwa nini mtu mmoja awe na haki ya kumwamuru mwingine, mali hupatikanaje kwa njia ya halali, na ni nani wanaohesabiwa kuwa wananchi ambao kwa jina lao sheria hutungwa. Katika ngazi ya shahada ya uzamili na ya uzamivu tawi hili husomwa hasa kwa kupitia vitabu vichache vilivyokubalika kuwa msingi wake: Jamhuri ya Plato, Leviathan ya Thomas Hobbes ya mwaka 1651, Risala ya Pili juu ya Serikali ya John Locke ya mwaka 1689, Mkataba wa Jamii wa Jean-Jacques Rousseau wa mwaka 1762, maandishi ya John Stuart Mill na ya Karl Marx katika karne ya 19, na Nadharia ya Haki ya John Rawls iliyotoka mwaka 1971. Msomaji wa ngazi hiyo hatakiwi kukariri aliyoyasema mwandishi. Hutakiwa kuijenga upya hoja yake hatua kwa hatua, kuyafichua mambo ambayo mwandishi ameyachukulia kuwa kweli bila kuyathibitisha, na kuyapima kwa ushahidi ambao mwandishi mwenyewe hakuwa nao.

Miteremko ya Kilimanjaro ina ushahidi wa namna hiyo kwa wingi usio wa kawaida. Watu wake waliishi muda mrefu katika dola ndogo ndogo, kila moja chini ya mangi wake, yaani mtawala wa kurithi. Wakatawaliwa na Wajerumani na kisha na Waingereza. Wakaanzisha chama cha wakulima wa kahawa kilichogeuka kuwa ushirika mkubwa. Wakampigia kura mtawala mkuu mmoja wa mlima wote na, kabla ya muongo mmoja kupita, wakapiga kura tena ya kuiondoa nafasi yake. Hatimaye wakaingia katika jamhuri iliyotangaza siasa ya Ujamaa. Kila hatua iliacha maandishi, kesi na mabishano yaliyorekodiwa. Tarakea, mji wa mpakani ulioko wilayani Rombo, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, unaongeza swali moja, la mpaka, ambalo Hai na Vunjo, sehemu nyingine mbili za mlima, haziliulizi kwa ukali uleule. Hoja ya makala hii ni kwamba vitabu vile vya msingi havijasomwa sawasawa katika Afrika Mashariki hadi vimewekwa mbele ya kumbukumbu za namna hii, na kwamba kumbukumbu hizo nazo zinastahili kusomwa kama maandishi ya falsafa badala ya kuachwa kwenye rafu ya mila na desturi.

Falsafa ilifika mlimani kabla ya chuo kikuu chochote kuwapo nchini, nayo ilipitia seminari. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1891, ya Kibosho mwaka 1893, na ya Mkuu Rombo mwaka 1898, na tangu hapo Rombo imekuwa nchi ya Wakatoliki kwa sehemu kubwa. Papa Leo XIII alikuwa ameagiza mwaka 1879 kwamba mafundisho ya mapadre yajengwe juu ya falsafa ya Thomas Aquinas, na mwaka uleule wa 1891 alitoa waraka wake mashuhuri, Rerum Novarum, uliotetea haki ya mtu kumiliki mali na, papo hapo, haki ya mfanyakazi kupata ujira unaomwezesha kuishi. Kwa hiyo kijana wa Rombo aliyepelekwa seminari kuu alikutana mapema na swali kama sheria dhalimu ni sheria kweli, na kama mwenye mali ana deni kwa asiye nayo. Seminari Kuu ya Kibosho hufundisha falsafa hadi leo. Udhaifu wa elimu ile ya awali ulikuwa kwamba wanafunzi walisoma zaidi vitabu vya muhtasari kuliko maandishi yenyewe, hivi kwamba Aquinas aliwafikia akiwa amekwisha kukatwakatwa kuwa maswali na majibu.

Upande wa Walutheri ulitoa jambo kubwa zaidi kwa mwanafalsafa wa leo, yaani maandishi ya Bruno Gutmann. Mmisionari huyu wa Leipzig, aliyezaliwa Dresden mwaka 1876, alifika Kilimanjaro mwaka 1902 na, ukiondoa miaka aliyolazimika kukaa Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alifanya kazi mlimani, hasa Kidia huko Old Moshi, hadi mwaka 1938. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kinene juu ya sheria za Wachagga, na kati ya mwaka 1932 na 1938 akatoa juzuu tatu za mafundisho ya jando kama alivyoyaandika kutoka vinywani mwa wazee. Ndani ya kazi hizo mna nadharia kamili ya jamii. Gutmann alishikilia kwamba mtu hafanyiki kuwa mtu peke yake. Hufanywa na vifungo vitatu vya asili, navyo ni ukoo, ujirani na rika, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja. Alidai kwamba haki na wajibu huchipuka kutoka katika vifungo hivyo, na kwamba dola au kanisa linalovivunja linajikatia mizizi.

Anayemsoma Gutmann pamoja na wanafalsafa wa mkataba wa jamii, yaani wale wanaodai kwamba mamlaka hutokana na makubaliano ya watu huru, huona mara moja mgongano wao. Kwa Hobbes na Locke watu hutangulia na jamii hufuata. Kwa Gutmann jamii ndiyo inayomzaa mtu. Msomaji makini hatakiwi kuishia hapo, kwa maana Gutmann hakuyaona ya Kidia kwa macho matupu. Alikuja na urithi wa fikra za Kijerumani, ukiwamo ule wa Ferdinand Tönnies ambaye mwaka 1887 alikuwa ametofautisha jumuia iliyofungwa na damu na ujirani na jamii ya mjini iliyofungwa na mikataba na fedha, na hofu aliyokuwa nayo juu ya miji ya Ulaya iliingia katika sifa alizoumwagia mgomba wa Mchagga. Mangi waliopigana, koo zilizonyang'anyana maji, na vijana waliotaka kuondoka hawapati nafasi ya kutosha katika picha yake. Hata hivyo kitabu chake kimehifadhi kesi na kauli za wazee ambazo zingepotea, na kwa sababu hiyo kinaweza kutumiwa hata dhidi ya mwandishi wake.

Mfano bora wa faida hiyo ni kihamba. Kihamba ni shamba la nyumbani, lenye migomba na baadaye kahawa, ambamo familia hujenga, hulima, hufuga na kuzika. Aliyefyeka pori lisilo na mwenyewe alilifanya kuwa lake kwa kuotesha migomba na kuzungushia masale, mmea ambao kwa Wachagga ni alama ya mpaka, ya amani na ya kuombana radhi. Locke angekielewa kitendo hicho bila kufafanuliwa. Katika sura ya tano ya Risala yake anafundisha kwamba kila mtu anaumiliki mwili wake na kazi ya mikono yake, na kwamba anapoichanganya kazi hiyo na kitu kisicho na mwenyewe, kitu hicho kinakuwa chake, mradi asiache kioze na mradi wengine wabakiwe na cha kutosha na chema vilevile.

Tofauti hujitokeza mara tu mwenye kihamba anapokufa. Wachagga wa zamani walifukua mifupa ya wazazi wao baada ya muda na kuihifadhi kwenye migomba, chini ya masale, na hivyo kihamba kilikuwa makao ya waliokufa kama kilivyokuwa makao ya walio hai. Mwenye kihamba hakuweza kukiuza kwa mgeni kwa hiari yake tu, kwa sababu wenzake katika umiliki hawakuwapo wote mbele yake kutoa ridhaa: wengine walikuwa ardhini na wengine hawajazaliwa. Kwa Locke, kazi ya mkono humfanya mtu kuwa mwenye mali. Kwa mlima, ilimwingiza mtu katika mlolongo wa wenye mali. Maji nayo yaliendeshwa kwa kanuni nyingine. Mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kutoka mtoni kupitia vihamba vya wengi, ulikuwa mali ya ukoo uliouchimba, lakini jirani aliyeshiriki kuuzibua na kuutengeneza alipata zamu ya kumwagilia. Hapa jasho lilizaa zamu, wala halikuzaa hati. Katika Rombo, ambako mito ya kudumu ni michache kuliko Vunjo na Hai, kanuni ya zamu ilikuwa jambo la uhai. Inashangaza kwamba mijadala ya kifalsafa juu ya mali ya pamoja huzunguka mara kwa mara malisho ya Uingereza ilhali mifongo ya Kilimanjaro imeelezwa na waandishi tangu karne ya 19.

Jambo lililo gumu zaidi katika desturi ya kihamba ni urithi. Kwa utaratibu uliorekodiwa na wengi, mtoto wa kiume wa kwanza alipewa kihamba, na wa mwisho alirithi nyumba na kihamba cha baba yake kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki kuwatunza wazee. Wale wa katikati walitarajiwa kutafuta pori na kuanza upya. Utaratibu huo ulikuwa wa haki wakati pori lilipokuwapo. Wajerumani walipowapa walowezi mashamba makubwa chini ya ukanda wa migomba, msitu wa juu ulipotengwa kuwa hifadhi, na kahawa, ambayo hukaa shambani kwa miongo mingi, ilipoenea baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mtoto wa katikati alibaki bila mahali pa kwenda. Locke aliyajibu malalamiko ya aina hiyo kwa kuonyesha kidole Marekani, ambayo aliiona kuwa ardhi tupu, ingawa ilikuwa na watu. Mtoto wa katikati wa Rombo hakuwa na Marekani yake, na historia ya Wachagga kutawanyika Moshi mjini, Arusha, Dar es Salaam na Mombasa, wakifanya biashara na kazi za ofisini, ni kwa sehemu historia ya lile sharti la Locke likishindwa kutimizwa. Hakuna sehemu ya Risala ya Pili inayopaswa kusomwa kwa makini zaidi na mwanafunzi wa Kilimanjaro kuliko sharti hilo la kubakiza cha kutosha.

Serikali ya kikoloni iliongeza tabaka jingine juu ya mabishano hayo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya usimamizi wa Gavana, na desturi za wenyeji zikatambuliwa kama haki ya kuitumia tu. Mwanazuoni wa Marekani Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kilichofuatilia sheria za kimila za Kilimanjaro tangu mwaka 1880 hadi 1980, alionyesha kwamba kile kilichoitwa mila mahakamani kilikuwa kikitengenezwa upya kila mara na watu wanaogombania ardhi, kila mmoja akidai kuwa anasema yale yale ya zamani. Kitabu hicho ni cha anthropolojia, yaani taaluma ya tamaduni na maisha ya watu, lakini hoja yake ni ya kifalsafa: inamnyima Gutmann mila isiyobadilika na inamnyima Locke mwanzo safi wa mali.

Swali la pili kubwa, la nani atawale na kwa idhini ya nani, lilijibiwa mlimani kwa nguvu kabla ya kujibiwa kwa kura. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, huku Marealle wa Marangu, aliyejua kushirikiana nao, akiwa amepewa ukuu uliofika hadi Rombo. Hobbes alifundisha kwamba dola inayotokana na ushindi wa vita ni halali sawa na ile inayotokana na makubaliano, kwa sababu katika zote mbili mtu hutii kwa hofu, ama hofu ya jirani yake ama hofu ya mshindi. Watu wa Rombo waliotozwa ng'ombe kwa jina la mangi wa Marangu na kwa bunduki za Wajerumani waliishi ndani ya fundisho hilo bila kulisoma. Kilichofuata kinaonyesha kwamba hofu inaweza kuleta utii na isilete uhalali, yaani kukubalika kwa mamlaka kuwa ni ya haki.

Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, wakiongozwa na Joseph Merinyo, nacho kikaonekana upesi kuwa mshindani wa mangi kwa sababu kilikuwa na wanachama waliojiunga wenyewe na viongozi walioweza kuulizwa. Kilifuatiwa na ushirika wa KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union) ulioandikishwa mwaka 1933 chini ya uangalizi wa serikali. Mwaka 1946 Waingereza waliugawa mlima katika tarafa tatu za Hai, Vunjo na Rombo, kila moja ikiwa na mangi mwitori, yaani mangi wa tarafa nzima. Rombo ilipewa John Maruma wa Keni. Mpangilio huo ulileta upinzani, na mwaka 1949 ukazaliwa umoja wa raia wa Kichagga ulioongozwa na Petro Njau pamoja na Merinyo, ambao ulitaka mlima uwe na mtawala mmoja aliyechaguliwa na watu wenyewe. Kura ilipigwa mwaka 1951. Thomas Marealle, aliyekuwa amesoma Uingereza, alishinda akishindana na wakubwa waliokuwa tayari madarakani, akatawazwa kuwa Mangi Mkuu mwaka 1952.

Tukio hilo linastahili kukaliwa kitako na wasomaji wa Rousseau. Katika Mkataba wa Jamii, Rousseau anatofautisha utashi wa jumla, unaolenga manufaa ya wote, na jumla ya matakwa ya watu mmoja mmoja. Anashikilia pia kwamba wananchi wanaweza kumkabidhi mtu kazi ya kutawala lakini hawawezi kumkabidhi ukuu wao. Wapiga kura wa mwaka 1951 walifanya jambo ambalo Rousseau hakulitarajia: walitumia njia mpya, ya kura, kuunda cheo chenye sura ya zamani, na kwa njia hiyo wakaliunda taifa la Wachagga lililokuwa halijawahi kuwapo chini ya mtawala mmoja aliyekubaliwa na wote. Upinzani dhidi ya Marealle ulipokua, ukiongozwa na chama cha kidemokrasia cha Solomon Eliufoo, kura nyingine ya mwezi Februari 1960 iliamua kwamba mkuu wa Wachagga awe rais wa kuchaguliwa kwa kipindi, na Eliufoo akashika nafasi hiyo. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Elimu. Watu wale wale waliotoa walitwaa. Mwanafunzi anayetaka mfano wa ukuu wa wananchi ulio hai, usio wa karatasini, hana haja ya kwenda Geneva ya Rousseau.

Maandishi ya wakati huo yamepuuzwa mno. Kitabu cha Petro Itosi Marealle, Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera, kilichotoka mwaka 1947 kwa Kiswahili, husomwa kama hazina ya mila, jambo ambalo ni kweli, lakini mwandishi wake alikuwa mangi mwitori wa Vunjo akiandika mwaka mmoja baada ya mageuzi ya 1946, na kila anapoeleza wajibu wa mangi kwa watu wake na wa watu kwa mangi wao anajenga pia hoja ya kisiasa. Vivyo hivyo kitabu cha Kirilo Japhet na Earle Seaton juu ya mgogoro wa ardhi ya Meru, kilichochapishwa mwaka 1967, kinaeleza jinsi Wameru waliohamishwa Engare Nanyuki mwaka 1951 walivyopeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952, na ndani yake kuna mjadala mzito wa haki za wenyeji dhidi ya mamlaka ya mdhamini.

Chuo kikuu kilipoanzishwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kikianza na kitivo cha sheria katika jengo la chama cha TANU kabla ya kuhamia eneo la Mlimani jijini humo mwaka 1964, swali la vitabu gani visomwe lilikuwa bado halijaulizwa kwa sauti. Liliulizwa baada ya tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na Rais Julius Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400 kati yao. Azimio la Arusha, lililoweka siasa ya Ujamaa, lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mwezi Machi mwaka huohuo ukafanyika mkutano wa kujadili kazi ya chuo kikuu katika nchi ya kijamaa. Wanafunzi wenye msimamo mkali waliunda umoja wao wa kimapinduzi wa Kiafrika, ambao mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, wakaendesha madarasa yao wenyewe ya itikadi siku za Jumapili, wakawasoma Marx, Lenin na Frantz Fanon nje ya ratiba, na mwaka 1969 wakaanza jarida la Cheche. Humo ndimo Issa Shivji alimotoa mwaka 1970 andiko lake juu ya mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini. Umoja na jarida vilipigwa marufuku mwezi Novemba mwaka huohuo. Walter Rodney, aliyefundisha historia hapo, alichapisha mwaka 1972 kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kwa ushirikiano wa Tanzania Publishing House.

Madarasa yale ya Jumapili yalikuwa na kasoro, hasa pale kitabu kiliposomwa ili kipatikane ndani yake jibu lililokwisha kuamuliwa. Lakini yalikuwa na ari ambayo semina nyingi za baadaye zimeikosa, na yalithibitisha kwamba vijana wa Afrika Mashariki wangeweza kubishana na Marx bila kuomba ruhusa. Mwaka 1978 nyumba hiyohiyo ya uchapaji ilitoa Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya kitabu cha Fanon iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga. Hadi leo ni vitabu vichache mno vya falsafa ya siasa vilivyopata bahati hiyo, na ni hasara kubwa kwamba mtu anayebishana vikali juu ya mpaka wa kihamba kwa Kiswahili na Kirombo hulazimika kumsoma Locke kwa Kiingereza pekee.

Nyerere mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa falsafa ya siasa. Alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kati ya mwaka 1949 na 1952, ambako falsafa ya maadili ilikuwa miongoni mwa masomo yake, na andiko lake la Ujamaa la mwezi Aprili 1962 limepangwa kama hoja ya kifalsafa: Ujamaa ni hali ya moyo, jamii ya jadi haikuwa na mnyonyaji, ardhi ilikuwa ya wote. Kilimanjaro iliipa hoja hiyo mtihani mgumu kuliko mahali pengi. Kihamba kilirithiwa, mangi alikuwa na haki ya kuwaita watu kumfanyia kazi, na mwenye ng'ombe wengi aliwakopesha wasio nao kwa masharti. Kusema kwamba ardhi haikuwa na mwenyewe kungemshangaza mzee yeyote wa Mkuu au Usseri huko Rombo. Lakini mfongo, msaragambo, yaani kazi ya pamoja iliyoitishwa kwa faida ya wote, na sharti la kumkubali jirani vilikuwapo pia, na ndiyo maana Ujamaa haukuwa ndoto tupu. Samuel Mushi, katika makala yake ya mwaka 1971 katika jarida la Taamuli, alichunguza jinsi siasa hiyo ilivyotaka kuleta usasa kwa kuegemea mapokeo, na swali lake, ni mapokeo ya nani na ya wakati gani, halijapoteza nguvu.

Swali hilo lilirudi serikalini kwa njia ya Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, iliyoongozwa na Shivji na kufanya kazi mwaka 1991 na 1992. Tume ilipendekeza kwamba Rais asibaki na umiliki wa juu wa ardhi yote na kwamba ardhi ya vijiji iwe mikononi mwa mikutano mikuu ya vijiji. Serikali haikukubali, na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 ziliiacha ardhi yote chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Locke alijua neno hilo la udhamini vizuri: serikali kwake ni mdhamini anayeweza kuondolewa akivunja amana. Ripoti ya Tume ikisomwa bega kwa bega na Risala ya Pili, swali linalojitokeza ni mwananchi ana njia gani ya kumdai mdhamini anayeshikilia pia njia zote za kumdai.

Kuna sehemu moja ambamo Nyerere alikuwa ameutangulia mlima. Akiwa Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945 aliandika insha akiitumia hoja ya Mill, iliyotolewa mwaka 1869 katika kitabu chake juu ya kutiishwa kwa wanawake, kuitazama hali ya wanawake wa Kizanaki. Hoja ya Mill ni kwamba hakuna anayeweza kusema asili ya mwanamke ikoje maadamu amekulia chini ya utawala wa mwingine. Kihamba kilipita kwa wanaume. Binti aliolewa atoke, na mjane alikaa kwa jina la wanawe. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika kesi iliyotoka Uhayani, aliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama mwanamume anavyoweza, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake haki ya ardhi. Mabishano ya koo juu ya mashamba ya mabinti katika miteremko hii hayajakwisha, na wanaomsoma Mill kwa uzito wangepaswa kuyaingia kama ushahidi, kwa kuwa yanaonyesha jinsi sheria inavyoweza kubadilika kwa siku moja na desturi kwa vizazi.

Yote hayo yanachukulia kwamba inajulikana wananchi ni akina nani. Tarakea ndipo dhana hiyo inapotikisika. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1886 ulichora mstari kutoka pwani, ukapita Ziwa Jipe na kuzunguka sehemu ya chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, na habari inayorudiwa sana kwamba Malkia Victoria alimzawadia jamaa yake wa Ujerumani mlima haina ushahidi wowote katika mapatano hayo. Mstari uliwakata Wachagga wa Rombo na majirani zao wa Loitokitok, Wamasai na wengineo, waliokuwa wakibadilishana ndizi, nafaka na mifugo kwa muda mrefu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka mwezi Februari 1977, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa miaka hiyo soko la jirani lilikuwa ng'ambo ya sheria.

Rawls alijenga Nadharia ya Haki kwa kuichukulia jamii kuwa mfumo uliojifunga, usiohusiana na jamii nyingine, na katika kitabu chake cha mwaka 1993 aliongeza kwamba watu huingia humo kwa kuzaliwa na kutoka kwa kufa. Aliikubali dhana hiyo kwa makusudi, ili kurahisisha swali kwanza, na ni haki kumsoma hivyo. Lakini katika mji ambao watu wake hununua, huoa na huzika pande mbili za mpaka, urahisishaji huo unaondoa jambo lenyewe lililokuwa liulizwe. Jibu lenye nguvu zaidi kutoka Afrika Mashariki lilitolewa Chuo Kikuu cha Nairobi na Henry Odera Oruka, mmoja wa waasisi wa masomo ya falsafa huko, ambaye utafiti wake juu ya wazee wenye hekima ulianza mwaka 1974 na kutoka katika kitabu mwaka 1990. Katika makala ya mwaka 1989 Oruka alidai kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha chini cha ubinadamu, yaani uhai, afya na chakula vya kumwezesha kutenda kama mtu mwenye akili, na kwamba haki hiyo inatangulia haki ya taifa juu ya mali yake, kwa hiyo haizuiliwi na mpaka.

Hoja hiyo si ya mezani tu. Mwaka 2011, ukame ulipoikumba Kenya na maeneo ya jirani, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi ili kulinda chakula cha wananchi wake. Kwa Rawls, serikali ina wajibu huo wa kwanza kwa wale inaowatawala, na misaada kwa jamii nyingine ni wajibu wa namna nyingine, wenye kikomo. Kwa Oruka, mwenye njaa wa Loitokitok ana dai juu ya gunia lililoko Tarakea ambalo marufuku haiwezi kulifuta, ingawa Oruka haelezi ni nani alipie bei ikipanda upande wa Rombo, wala ni nani, kati ya mkulima anayetaka kuuza ghali na mjane wa Rombo anayenunua kwa kibaba, anayehesabiwa kwanza wakati kiwango cha chini kinapokosekana pande zote mbili za mstari wa mwaka 1886.